Mstaafu Anahitaji Faili Lake, Si Somo la Kuku

Ipo imani iliyoota mizizi maofisini, vijiweni na hata ndani ya familia zetu, kwamba mstaafu wa Tanzania anayeteseka amejitesa mwenyewe. Hakujiandaa. Alipopata kiinua mgongo akaongeza mke, akanunua gari bovu, akaanzisha nyumba asiyoweza kuimaliza, na sasa anazunguka na bahasha ya kaki kwenye korido za halmashauri akiomba huruma. Kwa wanaoamini hivyo, dawa yake ni elimu ya fedha. Ndiyo maana watumishi waliobakiza muda mfupi kazini hukusanywa ukumbini, wakanyweshwa chai, wakafundishwa ufugaji wa kuku na kilimo cha parachichi, wakaonywa kuhusu matumizi mabaya ya fedha, kisha maofisa wa benki wakapanda jukwaani kuwaeleza mikopo ya wastaafu.

Naipinga imani hiyo, na naupinga msaada unaotokana nayo. Walio wengi kati ya wazee wanaozunguka na bahasha hawajafuja fedha yoyote, kwa sababu haijawafikia. Wamekwama kabla ya malipo. Wamekwama kwenye faili.

Tumtazame mwalimu wa shule ya msingi aliyeajiriwa Mbozi mwaka 1994. Wakati huo Mbozi ilikuwa Mkoa wa Mbeya. Tangu 2016 iko Songwe. Katikati alihamia halmashauri nyingine kumfuata mume wake. Aliajiriwa kwa majina mawili, akaolewa, na kitambulisho chake cha taifa cha NIDA kina majina matatu, la mwisho likiwa la ukoo wa mumewe. Mpaka Julai 1999 watumishi wa serikali kama yeye hawakuwa wakikatwa mchango wa pensheni. Walikuwa kwenye utaratibu wa zamani ambao serikali ililipa yenyewe. Baada ya hapo akawa mwanachama wa mfuko wa pensheni wa PSPF, na Agosti 2018 mfuko huo ukaunganishwa na LAPF, PPF na GEPF kuwa PSSSF. Mwalimu huyu hakuomba lolote kati ya mabadiliko hayo. Hakugawa mkoa, hakuunganisha mifuko, hakutunga sheria. Alisimama mbele ya watoto, akashika chaki.

Siku ya kudai mafao ataulizwa barua yake ya kwanza ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya cheo cha mwisho, hati ya mshahara, kibali cha kustaafu. Barua ya kwanza iliandikwa kwa taipureta na huenda nakala ya masijala ilibaki wilaya ya zamani. Kuthibitishwa alithibitishwa, kwani alipanda madaraja, lakini karatasi haionekani. Tarehe ya kuzaliwa kwenye faili inapishana na ya kitambulisho. Hapo ndipo safari zinapoanza: Songwe, halmashauri ya pili, makao makuu, mahakamani kula kiapo cha majina, kurudi tena kwa kuwa muhuri haukusomeka. Siku 60 zinazotajwa kisheria za kulipwa mafao hazimsaidii mtu ambaye faili lake halijakamilika, maana ofisi itamjibu, tena kwa haki, kwamba bado inasubiri nyaraka.

Na kila karatasi hapo ina bei. Pensheni ya PSSSF huhesabiwa kwa kuchukua idadi ya miezi ya utumishi, kuizidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka mitatu iliyo bora, kisha kugawa kwa 580. Tuseme mwalimu wetu ana miezi 360 na wastani wa mshahara wa shilingi milioni 1 kwa mwezi. Pensheni yake kamili kwa mwaka ni takriban shilingi milioni 7.45. Akilipwa mkupuo wa asilimia 40 ya pensheni hiyo, inayozidishwa kwa 12.5, anapata kama milioni 37.2, na pensheni ya kila mwezi ya kama shilingi 372,000. Sasa chukua miezi 24 tu ya mwanzo, ile ambayo barua yake imepotea, uiondoe. Mkupuo unapungua kwa karibu milioni 2.5, na kila mwezi, mpaka siku anaingia kaburini, anakosa karibu shilingi 24,800. Kuku wangapi watarudisha fedha hiyo? Karatasi moja iliyopotea masijala inaweza kumgharimu mwalimu kuliko maamuzi mengi mabaya ya biashara atakayoyafanya baada ya kustaafu, na hiyo karatasi haikuwa mikononi mwake peke yake. Mwajiri naye alipaswa kuitunza.

Watetezi wa nadharia ya kutojiandaa wanasahau pia historia ya karibuni sana. Mwaka 2018 kanuni mpya za kukokotoa mafao, yaani kikokotoo, zilishusha mkupuo hadi asilimia 25, na hoja iliyotolewa kwa wingi ilikuwa hiyohiyo: mstaafu akipewa fedha nyingi kwa pamoja atazimaliza, bora nyingi zibaki zimlinde kidogo kidogo kila mwezi. Watumishi walipiga kelele, na Desemba 28 mwaka huo Rais John Magufuli akaagiza kanuni za zamani ziendelee kutumika. Julai 2022 kikokotoo kikarudi kwa sura ya asilimia 33. Mwaka 2024, baada ya kelele nyingine, serikali ikatangaza kupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Kwa hiyo leo sehemu kubwa ya pensheni imeshafungiwa nje ya uwezo wa mstaafu kuifuja, atake asitake. Kama matumizi mabaya ya mkupuo yangekuwa ndiyo mzizi wa mateso, korido zingekuwa zimeanza kupungua watu tangu Julai 2022. Mkupuo ulipunguzwa, bahasha za kaki zikabaki palepale, kwa sababu kikokotoo hakigusi barua iliyopotea.

Lipo jambo jingine ambalo hunichoma ninaposikia wazee wakiambiwa hawakujiandaa. Kwa miaka mingi serikali yenyewe ilidaiwa na PSPF fedha za watumishi waliokuwa kazini kabla ya Julai 1999, kwa kuwa mafao yao ya miaka hiyo hayakuwa na michango nyuma yake. Deni hilo liliutikisa mfuko huo mpaka wastaafu wakasubiri malipo kwa muda mrefu. Mwishoni mwa 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kulipunguza, na hilo lilikuwa jambo jema, nalisema wazi. Lakini basi tuwe waadilifu katika maneno yetu. Taifa lililokaa na deni lake zaidi ya miaka 20 bila kulimaliza halina ulimi wa kumwambia mhudumu wa zahanati kwamba umaskini wake umetokana na kukosa mipango.

Lawama hii ina madhara zaidi ya kuumiza moyo. Inaamua msaada uelekezwe wapi. Ukishaamini kwamba tatizo ni akili ya mstaafu, unaandaa semina ya kumwelimisha, na ukumbi ukifungwa jioni unahesabu kwamba umemsaidia. Pengo halisi, la mtu wa kukaa naye mezani, kufungua faili karatasi kwa karatasi na kumwambia hiki kipo, hiki hakipo, na hiki nitakitafuta mimi, linabaki wazi. Pengo hilo halikai tupu.

Wa kwanza kuliingia ni kishoka. Anakaa karibu na ofisi, anajua majina ya maofisa, anasema ana mtu wa ndani. Anataka kitu kidogo sasa na asilimia fulani fedha ikitoka. Watu wazima na heshima zao wanaamini kabisa kwamba bila mtu wa ndani mafao hayatoki, na wanawafundisha wenzao hivyo. Nasema ni uongo unaowalisha vishoka. Kudai mafao hakuna ada. Kishoka hana uwezo wa kuingiza mwezi hata mmoja wa utumishi kwenye kumbukumbu usio na ushahidi, na kama ushahidi upo, huhitaji kishoka. Wa pili ni tapeli wa simu, anayepiga akijitambulisha kuwa ofisa wa mfuko, anataja jina lako kamili na kituo chako cha kazi, kisha anaomba utume fedha ili malipo yako yasogezwe mbele. Mifuko imeonya mara nyingi kwamba haiombi fedha kwa simu. Onyo linasomwa, na mzee aliyekaa miezi bila kipato anatuma hivyohivyo, kwa kuwa simu hiyo ndiyo ya kwanza iliyomwonyesha kwamba kuna mtu anashughulika na jambo lake.

Wa tatu ni mkopeshaji wa kausha damu. Mwalimu anayesubiri anahitaji kula. Anaacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, na pensheni inapofika inakutwa mlangoni na mwingine. Baadaye tunamsema kwamba alishindwa kutunza fedha zake.

Kuna wanaonijibu kwamba mambo hayo ni ya zamani, sasa kila kitu kipo kwenye simu: mwanachama anaona michango yake, anajaza dai, mstaafu anajihakiki kwa sura bila kupanda basi. Naukubali ukweli wa nusu yake. Uhakiki kwa simu umewaondolea wazee adha kubwa, na mtumishi kijana wa leo, ambaye kumbukumbu zake zilizaliwa ndani ya kompyuta, huenda asiijue kabisa shida ninayoieleza. Ila simu humwonyesha mtu pengo, haimzibii. Mfanyakazi wa kampuni binafsi anayefungua taarifa zake za mfuko wa NSSF na kukuta miezi 14 mwajiri amemkata mshahara bila kuwasilisha mchango, amefanyiwa nini na simu zaidi ya kujua kwamba ameibiwa? Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja tena na tena waajiri wasiowasilisha michango. Mtu huyo anahitaji chama cha wafanyakazi kitakachosimama, ofisi ya mfuko itakayomfuata mwajiri, na pengine msaidizi wa kisheria. Na mama aliyestaafu ukunga Kilosa asiye na simu janja anahitaji mtu mwenye uso.

Mpaka hapa nimezungumzia wanaostaafu kwa umri, ambao angalau wanaitwa ukumbini. Wapo wasioitwa kabisa, na hao ndio wanaofichua zaidi ubovu wa imani hii. Mtu aliyepata kiharusi akiwa na miaka 41, au mwendesha mashine aliyekatwa vidole kiwandani, yeye alipaswa kujiandaa vipi? Hakuna semina ya kujiandaa na ulemavu. Anaamka hospitali akiwa na maisha mengine, na familia inaanza kuulizana wapi pa kwenda.

Hapa msaada sahihi una maana kubwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu milango iko zaidi ya mmoja na kila mmoja una funguo zake. Aliyeugua ugonjwa usiohusiana na kazi, akashindwa kuendelea na utumishi, mlango wake ni mfuko wa hifadhi ya jamii aliokuwa akichangia, kupitia jopo la madaktari litakalothibitisha kwamba hawezi tena kazi. Aliyeumia kazini, au kupata ugonjwa uliosababishwa na kazi yenyewe, mlango wake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huo unachangiwa na mwajiri peke yake, sasa kwa nusu asilimia ya mishahara. Mfanyakazi hapaswi kukatwa hata shilingi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba, na dai linatakiwa kufika ndani ya miezi 12. Ndani yake kuna matibabu, kuna malipo ya asilimia 70 ya mshahara kwa asiyeweza kazi kwa muda, kuna pensheni ya mwezi kwa ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 na malipo ya mkupuo kwa ulio chini ya hapo, kuna mafao ya wategemezi kama mtu amefariki.

Wangapi wanajua? Muulize kijana yeyote wa kiwandani atakwambia mambo ya ajali huamuliwa na bosi. Bosi anatoa laki mbili za pole, anamwandikia likizo ya wiki mbili, na mkono unapona ukiwa umekunjamana. Miezi 12 inapita kimya. Kuna waajiri wanaonyamaza makusudi, kwa kuwa kutoa taarifa ya ajali kunaalika ukaguzi. Kuna wengine hawajui. Kwa mwenye mkono uliokunjamana, tofauti hiyo haimpi chakula.

Kisha huja msaada ule usio wake, tena kwa nia njema kabisa. Ofisa anamwambia: wewe sasa ni mtu mwenye ulemavu, jiunge na kikundi, kaombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu katika asilimia 10 ya mapato ya ndani. Mkopo huo una faida zake kwa anayetaka kuanzisha biashara. Lakini ni mkopo. Mtu mwenye haki ya kulipwa fidia na pensheni maisha yake yote anaelekezwa akakope fedha za kurejesha. Akifuata ushauri huo anatumia mwaka wake wa kudai akiandika katiba ya kikundi. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi, na bado amedhulumiwa, kwa kuwa aliyemsaidia hakujua mlango upi ni wake.

Nani basi ajue? Jibu langu ni la kisheria kabla ya kuwa la huruma. Wa kwanza ni afisa utumishi wa mwajiri. Faili ni la ofisi yake. Barua alizoandika mwajiri ni kazi ya mwajiri kuzitunza na kuzitoa, na michango ya mtumishi wa umma, asilimia 5 yake na 15 ya mwajiri, hupita mikononi mwa mwajiri. Mtumishi anapotumwa kutafuta barua ambayo ofisi yenyewe iliiandika na kuipoteza, mzigo umepelekwa kwa asiyestahili kuubeba. Naelewa maafisa utumishi ni wachache na halmashauri ina maelfu ya watumishi, walimu wakiwa wengi kuliko wote. Hata hivyo tarehe za kustaafu hazishtukizi. Kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari ni 55, na orodha ya wanaofikia umri inaweza kuchapishwa leo kwa miaka mitano ijayo. Ofisi inayoweza kupata bajeti ya ukumbi, posho na wawezeshaji inaweza kupata meza mbili za kufungulia mafaili.

Wa pili ni chama cha wafanyakazi. Mwalimu anayekatwa kila mwezi kwa ajili ya chama, muuguzi vivyo hivyo, ana haki ya kudai zaidi ya fulana ya Mei Mosi. Kiongozi wa tawi asiyejua siku saba na miezi 12 za WCF anawaangusha wanachama wake katika jambo lenye uzito kuliko mengi anayoyapigania. Wa tatu ni msaidizi wa kisheria, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilimtambua rasmi, na huduma yake kwa asiyejiweza ni bure. Mirathi ya marehemu aliyekuwa mtumishi, kiapo cha majina, barua kwa mwajiri aliyekaa kimya: hayo anayamudu. Wakili wa kulipwa ana nafasi yake pale uamuzi unapopingwa, na hata hapo anafaa akilipwa kwa makubaliano ya maandishi, bila kugawana mafao ya mzee.

Sisemi semina zifutwe. Mtu kujua kufuga au kupima kiwanja ni jambo zuri, na wapo wastaafu waliofanikiwa kwa maarifa hayo. Ninachokataa ni kuyaweka mahali pa wajibu ambao hayawezi kuubeba. Siku ya kwanza ya semina yoyote iwe ya mafaili. Kila mtumishi akae na ofisa, aone barua zake, aone miezi yake ilivyohesabiwa, na aondoke na karatasi iliyosainiwa inayosema kipi kinakosekana na ofisi itakipata lini. Majina yanayopishana yarekebishwe mtumishi angali na mshahara wa kulipia nauli. Kuku wafundishwe kesho yake.

Na wewe unayesoma, uwe na miaka 30 au 58, andika barua wiki hii kwa mwajiri wako uombe kuona faili lako. Linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa vilivyomo na vya NIDA. Hesabu michango mwezi kwa mwezi. Piga nakala ya barua yako ya kwanza ya ajira na uiweke nyumba mbili tofauti. Kama kuna ndugu yako aliyeumia kazini, mwulize leo ilikuwa tarehe gani na kama taarifa ilipelekwa WCF. Ikiwa miezi 12 haijatimia, msindikize wewe mwenyewe. Mtu wa kwanza akikwambia utafute mtu wa ndani, mwambie mtu wa ndani unaye: ni afisa utumishi, analipwa mshahara kwa kazi hiyo, na barua yako ya maombi imegongwa muhuri wa kupokelewa masijala.